Walioachwa nje ya medali

Mwaka 2013 Michael Houghton, mtafiti Mwingereza wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alitunukiwa tuzo ya Gairdner pamoja na dola 100,000 za Kanada. Akaikataa. Alitaka wenzake wawili, Qui-Lim Choo na George Kuo, watuzwe pamoja naye, na waandaaji hawakukubali.

Nasimama upande wake, na ushahidi umo kwenye maandishi. Fungua jarida la Science la Aprili 1989. Ukurasa wa 359 ndipo inapoanzia makala iliyotangaza kupatikana kwa kirusi cha homa ya ini aina ya C. Jina la kwanza ni la Choo. Ukurasa wa 362 kuna makala ya kipimo cha kukibaini kirusi hicho kwenye damu; jina la kwanza ni la Kuo. Houghton ni wa mwisho katika zote mbili, ilivyo desturi ya kiongozi wa maabara.

Kirusi chenyewe kilikuwa hakijaonekana wala kuoteshwa. Katika maabara za kampuni ya Chiron, California, walichukua vinasaba kutoka damu ya sokwe aliyeambukizwa, iliyotolewa na mtafiti mwenzao Daniel Bradley, wakavipandikiza vipande vipande ndani ya bakteria. Kisha wakatumia seramu ya mgonjwa kusaka kundi moja tu la bakteria ambalo kingamwili zingelishika. Miaka ikapita bila jibu. Kazi ya namna hiyo haina mwenyewe mmoja.

Nobel ya Tiba ilipokuja mwaka 2020, Houghton aliipokea, pamoja na Harvey Alter na Charles Rice. Simlaumu, na hao wawili walistahili: Alter alionyesha kuwa wagonjwa walioongezewa damu walipata homa ya ini isiyo A wala B, na Rice akathibitisha mwaka 1997 kwamba kirusi hicho peke yake kinatosha kuileta. Kosa liko kwenye kanuni isiyoruhusu tuzo kugawanywa kwa zaidi ya watu 3. Wanaoitetea husema heshima ikienea kwa wengi hupungua uzito. Lakini mwaka huohuo Nobel ya Amani ilikwenda kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lenye maelfu ya wafanyakazi, na sijaona uzito wake ukipungua.

Leo damu hupimwa homa ya ini C kabla ya kutundikiwa mama aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Upimaji huo ulianzia kwenye ile makala ya ukurasa wa 362, yenye jina la Kuo mwanzoni.