Kwanza jifunze kuanguka
Nasoma makala yenu kuhusu kuteleza kwenye barafu nikiwa Madogo, kwenye joto la kukausha mate, lakini mada imenigusa. Wanaodai mtu mzima hawezi kujifunza kuteleza kwenye barafu wamewasahau Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya: baadhi yao walianzia viatu vya magurudumu, ndipo wakaingia uwanja wa barafu wa Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi. Ile ni hoki, najua. Kuzunguka na kuruka kwa madaha ni kazi nyingine. Msingi ni uleule: kunja magoti, usitazame miguu, anguka kwa ubavu. Chuma cha kiatu kina kingo mbili, na ukingo wa nje ndio unaotisha wakubwa. Mhariri, tuambie kukodi viatu ni pesa ngapi, maana nauli ya Nairobi tunaijua.