DVD ya Msiba Iliyogoma Marekani

Akina mama wenzangu, mwezi huu naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huwaachia vijana na waume zetu: zile DVD za harusi, kipaimara na mazishi tunazowapelekea ndugu walioko ng'ambo. Nilikuwa nikiwaachia mimi pia, mpaka yaliponifika.

Mwaka 2008 mama mkwe wangu alifariki. Kitinda mimba wake, wifi yangu, alikuwa Minneapolis huko Marekani, na karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi kwa wanawe. Basi hakuja. Tulimwahidi kwamba ataona kila kitu, na tukamlipa kijana mmoja mpiga video akae nasi tangu mwili ulipoingia nyumbani hadi shada la mwisho kuwekwa kaburini. DVD ilitoka safi. Tuliitazama sebuleni, tukalia upya, kisha tukampa mtu aliyekuwa akisafiri.

Wifi alipoipokea aliwaita kina mama wa kwetu wanaoishi kule, wakapika chai, wakakaa kama tunavyokaa matangani. Sauti ilitoka vizuri kabisa, kwaya na vilio vyote. Lakini picha ilikuwa haina rangi, inapanda na kushuka bila kutulia, hata sura ya mtu huwezi kuitambua. "Wifi, nimemzika mama kwa masikio," aliniambia kwenye simu. Neno hilo lilininyima usingizi.

Mimi nilidhani diski imechubuka njiani. Yule kijana alisema ni "namba ya eneo". Kumbe sote tulikosea, na kosa lake ndilo wanalolifanya wengi, kwa hiyo nianze na hilo.

DVD zilipoanza kuuzwa, Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, makampuni ya filamu yaliigawa dunia katika maeneo. Filamu ilikuwa ikionyeshwa kwenye majumba ya sinema nchi moja mapema na nyingine miezi baadaye, na hawakutaka diski ya nchi ya kwanza iwahi kufika nchi ya pili. Marekani na Kanada wakapewa namba 1. Ulaya Magharibi, Japani na nchi kama Oman zikapewa namba 2. Sisi wa Afrika Mashariki tuko namba 5, pamoja na India na Urusi. Ndiyo maana filamu ya watoto aliyokununulia dada yako dukani kule Marekani inaweza kukataliwa na deki yako hapa nyumbani. Kompyuta nayo huuliza namba hiyo, na tahadhari: nyingi hukuruhusu kuibadilisha mara 5 tu, kisha inabaki pale pale. Usimwache kijana wako aichezee.

Lakini diski ya harusi yako au ya msiba wako kwa kawaida haina namba yoyote. Hakuna kampuni ya filamu inayolinda soko hapo. Kilichomkwamisha wifi ni kitu cha zamani zaidi, nacho kilitusumbua hata enzi za kanda za video.

Televisheni za dunia zilikua katika mitindo tofauti. Marekani, Kanada na Japani walifuata ule uitwao NTSC. Sisi, pamoja na Uingereza, Oman na nchi nyingi nyingine, tukafuata PAL, mtindo uliobuniwa Ujerumani na mhandisi Walter Bruch. Chanzo kimojawapo ni umeme wenyewe. Umeme wa kwetu hutetema mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60, na televisheni za mwanzo zilitengenezwa kufuata mapigo hayo. Kwa hiyo PAL huonyesha picha 25 kila sekunde, kila picha ikiwa na mistari 625. NTSC huonyesha karibu picha 30, zenye mistari 525. Ukiipa televisheni ya mtindo mmoja picha ya mtindo mwingine, ni kama kumpimia mtu mrefu gauni la mtu mfupi. Na usidhani mambo hayo yamekwisha kwa kuwa matangazo ya mtindo wa zamani yalizimwa, Marekani mwaka 2009 na Tanzania kuanzia mwisho wa mwaka 2012. Diski bado zinachomwa kwa PAL au NTSC, na deki bado zinauliza.

Sasa hapa ndipo penye nafuu. Deki nyingi zinazouzwa kwetu hucheza mitindo yote miwili. Zile za Marekani, nyingi hujua ya kwao tu. Basi DVD inayokwenda kwa ndugu wa nchi mbalimbali itengenezwe kwa NTSC, isiwe na namba ya eneo, na karibu kila mahali itakubaliwa. Kama ndugu wote wako Muscat au London, PAL yatosha, usijisumbue.

Mwambie mpiga video mapema, kabla ya shughuli. Mimi nilichelewa. Niliporudi kwa yule kijana na kumwomba atengeneze upya, alikuwa amekwisha kurekodi harusi mbili juu ya kanda zetu. Kilichobaki ni ile DVD ya PAL, ikabidi aigeuze kutoka hapo, na picha zikawa zinashtuka kidogo watu wakitembea. Siku hizi, kabla sijalipa salio, nadai picha za asili nikabidhiwe. Wengine hununa. Wanune.

Mwambie pia atumie diski za DVD-R, maana deki za zamani huzipokea kwa urahisi kuliko zile za alama ya kujumlisha, na aifunge diski akimaliza kuichoma. Diski isiyofungwa hucheza kwenye mashine yake tu. Diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, yaani saa mbili za picha nzuri. Ibada yetu ilikuwa ya saa tatu na ushee, naye alikuwa ameisonga yote kwenye diski moja, nyuso zikawa kama zimepakwa unga. Gawa mbili. Usikubali karatasi ya picha ya marehemu ibandikwe juu ya diski. Hupendeza, lakini ikipinda kidogo diski huyumba ndani ya deki. Picha iwekwe kwenye kasha.

Na kwa kuwa kompyuta nyingi za sasa hazina mahali pa kuingiza diski, omba nakala nyingine kwenye fleshi. Kompyuta haijali PAL wala NTSC, wala simu haijali. Lakini ndugu watu wazima, wenye deki yao chini ya televisheni, wapelekee DVD. Hao ndio watakaoitazama mara kumi.

Diski ya pili ilimfikia wifi baada ya miezi minne. Alinipigia usiku wa manane, nikajua ameitazama peke yake safari hii. Hakulia. Aliniuliza ni mtoto gani yule aliyevaa sweta la buluu, aliyemshikia babu mwavuli muda wote pale kaburini. Nikamwambia ni wa kaka yake, yule aliyemwacha akiwa bado anatambaa. Akaniomba nimtajie tena majina ya wote waliosimama mstari ule, mmoja mmoja, nami nikamtajia.