Usisage jino zima kwa sababu ya rangi

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika programu. Sijaacha. Niliuma kijiwe kwenye githeri, hapa hapa Bondeni, nikavunja gego la chini upande wa kushoto. Lilikuwa na kijazo kikubwa cha zamani, kwa hiyo nusu nzima iliondoka. Siku mbili nilijikaza kiume. Siku ya tatu nikaenda kwa daktari wa meno.

Leo basi sitaandika juu ya msimbo. Nitaandika juu ya mataji ya meno, zile krauni za kauri, na mwishoni mtaona kwamba kompyuta imo ndani ya habari hii kuliko nilivyodhani.

Kliniki ya kwanza sitaitaja. Daktari alitazama gego langu dakika mbili, kisha akatazama meno yangu ya mbele dakika kumi. Akanipa karatasi ya bei: taji moja la gego, na mataji sita ya mbele "ili yalingane", yote rangi nyeupe kabisa. Sikuwa nimeuliza lolote juu ya meno ya mbele. Hayaumi, hayajatoboka, hayachezi. Kosa lake ni rangi tu. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, na meno yangu yana mistari ya kahawia.

Ningecheka na kuondoka. Lakini mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 23, alikuwa amepewa karatasi kama hiyo wiki moja kabla, na alikuwa ameshaanza kuweka pesa. Ana harusi Desemba. Ndiyo maana naandika.

Kwanza, kwa msomaji wa mbali. Tunaishi ndani ya Bonde la Ufa. Miamba yetu ni ya volkano, na maji ya chini ya ardhi yakipita humo yanabeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya ukanda huu vinavuka hapo, na maziwa ya Nakuru na Elementaita ni miongoni mwa yenye floraidi nyingi zaidi yaliyowahi kupimwa duniani. Mtoto akinywa maji ya namna hiyo wakati enameli bado inajengwa ndani ya ufizi, takriban hadi miaka 8, jino linatoka na mabaka meupe kama chaki, na baadaye mabaka hayo hunyonya rangi ya kahawia. Mtu mzima akihamia Nakuru na meno yake tayari, hayabadiliki hivyo.

Wapo walioathirika vibaya, enameli ikachimbika na kumegeka. Hao wanahitaji tiba, na taji linaweza kuwa tiba halali. Lakini wengi wetu tuna jino imara lenye rangi isiyopendeza. Hizo ni hali mbili tofauti, na karatasi ya bei haikuzitenganisha.

Haya, turudi kwenye gego. Nilienda kwa daktari wa pili, mama mmoja mpole aliyenikalisha na kunieleza njia zote. Nazifupisha.

Kung'oa na kuacha pengo ndiyo njia rahisi leo, lakini miaka ikipita meno ya jirani huinamia pengo na jino la juu hushuka kulitafuta mwenzake. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ni nafuu, ila kwa gego moja ni usumbufu. Daraja hushikiliwa na meno mawili ya pembeni, ambayo lazima yasagwe hata kama ni mazima. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayopandwa kwenye mfupa wa taya. Daktari Brånemark wa Sweden alimpandikizia mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, baada ya kugundua kwamba mfupa huishika titani kama kitu chake. Ni njia nzuri kwa aliyekwisha kupoteza jino, lakini ina upasuaji, miezi kadhaa ya kungoja, na bei iliyozidi zote nilizotajiwa.

Mimi nilikuwa bado na mzizi. Daktari akasema neno ambalo mwandishi yeyote wa programu angelipenda: usitupe kinachofanya kazi. Tukatibu mzizi kwanza, kisha tukaanza kuchagua taji.

Chuma kilichofunikwa kwa kauri ndicho cha zamani na kimetumika miongo mingi. Kasoro zake ni kwamba kauri ya juu inaweza kubanduka, na ufizi ukirudi nyuma unaona mstari mweusi wa chuma. Pia jino husagwa zaidi, milimita 1.5 hadi 2 upande wa kutafunia. Ya pili ni kauri ya lithiamu disiliketi, nzuri sana kwa meno ya mbele kwa sababu inapitisha mwanga kama jino lenyewe. Ya tatu ni zirkonia, ngumu kuliko zote. Kwa kipimo cha kupinda mpaka kuvunjika, kauri ya kawaida hufika takriban megapaskali 100, lithiamu disiliketi 400 hivi, na zirkonia ya kawaida huvuka 900. Kwa ugumu huo inaweza kutengenezwa nyembamba, na jino lako likasagwa kidogo zaidi.

Angalizo: zirkonia si moja. Ile inayong'aa na kupitisha mwanga zaidi ina itria nyingi zaidi na nguvu yake inashuka sana. Ni kama programu yenye jina moja na matoleo mengi. Ukiambiwa tu "ni zirkonia", uliza ni toleo gani.

Sasa kompyuta. Miaka ya 1980 Mfaransa François Duret, na kule Zurich Werner Mörmann pamoja na mhandisi Marco Brandestini, walikuwa wakijaribu kupima jino kwa mwanga na kuchonga kauri kwa mashine. Mgonjwa wa kwanza wa Zurich alitibiwa mwaka 1985. Leo kazi ni hiyo hiyo: skana inapita mdomoni, umbo la jino linaonekana kwenye skrini, fundi analichora taji, mashine inalichonga. Zirkonia huchongwa ikiwa laini kama chaki, tena kubwa kupita kiasi kwa makusudi, kwa sababu ikichomwa kwenye tanuri la nyuzi 1,500 hivi hunywea takriban asilimia 20 hadi 25. Programu ndiyo inayopiga hesabu hiyo. Nilipoliona taji langu bichi kwenye picha, kubwa kama la ng'ombe, nilicheka peke yangu.

Mafaili mengi ya kazi hii ni ya muundo wa STL, uliotoka mwaka 1987 kwa ajili ya kuchapa vitu vya pande tatu. STL ni orodha ya pembetatu tu. Haina kipimo cha milimita ndani yake, na kwa kawaida haina rangi. Yaani umbo la jino langu lilisafiri kwenda maabara sawasawa, lakini rangi, jambo pekee lililoniletea karatasi ya mataji sita, ilibidi iandikwe kwa mkono.

Rangi huchaguliwa kwa kipimo cha vijino vya mfano. Kile cha VITA kinachojulikana zaidi kina rangi 16, kuanzia A1 hadi D4. Daktari alikisogeza kwenye meno yangu karibu na dirisha, mchana, kabla ya kuanza kazi, maana jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Hakuna hata kimoja kilichofanana nami. Jino la Nakuru lina kahawia hapa na chaki pale. Basi alipiga picha, akaituma maabara, na fundi akalipaka taji rangi kabla ya kulichoma mara ya mwisho. Leo ukitazama kinywani mwangu huwezi kuonyesha kidole na kusema ni lipi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Taji lifanane na meno, si meno yasagwe yafanane na taji. Kwenye programu nikikosea narudi kwenye toleo la jana. Enameli haina toleo la jana. Ikisagwa haioti tena. Taji nalo si la milele. Mengi hudumu miaka 10, 15, au zaidi, kisha hubadilishwa, na baadhi ya meno yaliyosagwa hufa ndani na kuhitaji tiba ya mzizi. Kwa mtu wa miaka 23 maana yake ni kulipia meno hayo sita tena na tena maisha yake yote.

Nilimwambia mdogo wangu hayo yote. Nikamalizia, "Wewe hujaoza hata jino moja."

Akanijibu, "Kaka, angalia picha zako zote tangu shule. Umecheka kwenye ipi?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli, nimefunga mdomo katika zote. Kwa hiyo sitamwambia yeyote kwamba rangi si kitu. Aliyechekwa darasani anajua ni kitu. Ninachosema ni kwamba zipo hatua ndogo za kujaribu kwanza: kusugua tabaka jembamba la juu kwa dawa maalumu, kung'arisha, au kujaza mabaka kwa rezini. Hazifuti kila doa, lakini kwa walioathirika kidogo au wastani hupunguza mengi, na jino linabaki lako. Nilimpeleka kwa daktari yule wa pili. Wameanza na kusugua. Pesa za mataji bado anazo, na uamuzi ni wake.

Nawe ukienda, uliza haya kabla ya kukaa kwenye kiti:

1. Je, daktari amesajiliwa? Baraza la KMPDC huweka orodha yake kwenye tovuti. Tafuta jina.
2. Ni kauri gani, na kama ni zirkonia, ya aina gani?
3. Jino litasagwa milimita ngapi?
4. Rangi itachukuliwa lini, kwenye mwanga gani, na fundi atapata picha?
5. Likivunjika mwaka huu, nani analipa?
6. Naweza kupewa faili langu? Ni umbo la kinywa changu, na STL hufunguka kwenye programu za bure.

Kliniki ikikasirika kwa maswali hayo, nyingine zipo mjini.

La mwisho ni la wazazi. Taji halitibu maji. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imeshughulika kwa miaka mingi na vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi. Mkaa huo hujaa na lazima ubadilishwe, kwa hiyo chujio la zamani lisikudanganye. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunapunguza maji tu na kuiacha humo humo. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi huwa na floraidi kidogo mno, ila kwa kunywa yachemshwe. Mwenye mtoto wa chini ya miaka 8 aanze hapo, kabla ya kufikiria kauri.

Gego langu linatafuna vizuri. Githeri napepeta mwenyewe siku hizi. Wiki ijayo tunarudi kwenye msimbo, Mungu akipenda.