Shilingi Moja Iliyopotea



Tangu tulipoanza kuonekana na nyaya na vitufe wakati wa mapumziko, tumeulizwa swali moja mara nyingi: "Mafrateri, kikokotoo kinauzwa dukani, na kila simu inacho. Mbona mnapoteza muda?" Swali ni la haki, nasi tunaomba kulijibu. (Tunasema kikokotoo cha mkononi, si kile cha mafao ya wastaafu!)

Kifaa chenyewe ni kidogo: bodi ya Arduino, kioo cha mistari miwili, betri na vitufe 16. Vitufe vimepangwa safu nne za kulala na nne za kusimama, hivyo nyaya 8 zinatosha. Bodi hupima safu moja baada ya nyingine na kutambua kilichobonyezwa. Siku ya kwanza tulibonyeza 5, tukapata 555. Vyuma vya ndani ya kitufe hudundadunda vinapogusana, na bodi ilihesabu kila mdundo. Tukaielekeza isubiri milisekunde 20 kabla ya kuamini. Tulicheka, maana hata sisi walezi hutufundisha tusiamini neno la kwanza tunalosikia.

Tulikusudia kukitoa zawadi kwa mhazini wa kigango tunakofanya utume, ambako waamini wanachangia ujenzi wa kanisa. Kabla ya kumpa, tulijumlisha orodha ya majaribio kwa kalamu, tukapata 16,777,217. Kikokotoo kikasema 16,777,216. Tukarudia mara tatu, jibu likawa lile lile.

Kosa lilikuwa letu. Tulichagua aina ya namba yenye desimali, ambayo katika bodi ile hutunza tarakimu 24 tu za mfumo wa sifuri na moja. Ikivuka 16,777,216, namba witiri hazina nafasi tena. Kufikia milioni 40, inaruka nne nne. Na haisemi chochote. Inaonyesha jibu la uongo kwa utulivu ule ule inaoonyesha jibu la kweli.

Mmoja wetu akasema, "Shilingi moja tu, nani atajua?" Tulinyamaza. Darasani tunajifunza kwa Mtakatifu Thoma kwamba ukweli ni kulingana kwa akili na kitu kilivyo. Tuliuandika kwenye mtihani, tukapata alama nzuri. Sasa ulikuwa mezani petu, na ulitudai kazi ya wiki mbili. Tukamkumbuka mwanamke wa Injili ya Luka aliyewasha taa na kufagia nyumba kwa ajili ya sarafu moja. Tukakumbuka pia jambo la karibu zaidi: kigangoni hesabu isipolingana, anayetiliwa shaka si mashine, ni mhazini.

Tukaandika upya programu kwa namba kamili, zinazofika 2,147,483,647. Ikizidi hapo, kioo huandika IMEZIDI badala ya kubahatisha. Kwenye kugawanya huonyesha jibu na baki.

Hatukuwa wa kwanza katika njia hii. Blaise Pascal, mwanafalsafa Mkatoliki, alianza kubuni mashine yake ya kuhesabu mwaka 1642, akiwa na umri wa miaka 19, ili kumsaidia baba yake aliyelemewa na hesabu za kodi huko Rouen. Hata hapo mashine ilianzia kwenye uchovu wa mtu anayejulikana kwa jina.

Kwa hiyo tunasema: muda haukupotea. Anayenunua kifaa hupata majibu. Anayekitengeneza hujua pia kinakosea wapi, na hawezi kumtupia mwingine lawama. Sisi tunaotarajia kukabidhiwa siku moja fedha za parokia na siri za watu tunahitaji mazoezi hayo mapema, katika mambo madogo. Tunawaomba walezi wetu waihesabu kazi hii miongoni mwa kazi za mikono, pamoja na bustani na mifugo. Nanyi waamini, msione haya kumwomba frateri au padre arudie hesabu mbele yenu.

Mhazini amekipokea kikokotoo chake. Tumebandika nyuma karatasi inayoeleza mwisho wa uwezo wake. Ametushukuru, kisha akafungua daftari akajumlisha tena kwa kalamu. Tulifurahi kumwona akifanya hivyo.

Mtuombee.