Mali ya Adui, Ardhi ya Nani?

Tarehe 5 Oktoba 2022, Rais Vladimir Putin wa Urusi alitia sahihi amri iliyokifanya kituo cha nyuklia cha Zaporizhzhia, kilichoko katika ardhi ya Ukraine iliyokaliwa na majeshi yake, kuwa mali ya dola ya Urusi. Mwaka huo huo mataifa ya Magharibi yalizuia takriban dola bilioni 300 za Benki Kuu ya Urusi, sehemu kubwa zikiwa zimehifadhiwa Ubelgiji, na tangu hapo mabingwa wa sheria wamebishana kama inajuzu kuzitumia ama ni kuzifungia tu. Walimu kadhaa wenzangu wameniuliza mabishano haya ya Wazungu yanamhusu nini mwanafunzi wa Kenya. Jibu langu ni kwamba jambo lenyewe lilikwisha kutendeka hapa jirani, Tanga na Moshi, na athari zake hazijafutika.

Hebu tuanze na sheria, maana bila hiyo tutapiga kelele tu. Kanuni za Hague za mwaka 1907 zinasema bayana, katika kifungu cha 46, kwamba jeshi lililoikalia nchi ya adui halina ruhusa ya kutwaa mali ya mtu binafsi. Mali ya dola iliyoshindwa, kama vile misitu na majengo ya serikali, inaweza kutumiwa, lakini kifungu cha 55 kinamfanya mshindi kuwa msimamizi tu: ale matunda, asiuze mti. Katika nchi yake mwenyewe serikali inaweza kuidhibiti duka ya raia wa adui wakati wa vita, na karibu kila serikali imefanya hivyo. Katika nchi iliyokaliwa mambo ni mengine kabisa. Huko mshindi ni mgeni mwenye bunduki, na mgeni hauzi shamba la mwenyeji wake.

Sasa tuutazame mwaka 1916. Majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi mwezi Machi, Tanga mwezi Julai, na Dar es Salaam mwezi Septemba. Yalikuta mashamba ya kahawa, ya mpira na, zaidi ya yote, ya mkonge. Zao hilo lilikuwa limeletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 1,000 ilitumwa kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba yaliyolilisha reli la Tanga. Wenyewe walikuwa walowezi na makampuni ya Kijerumani, mashuhuri zaidi ikiwa ile Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki iliyokuwa imeitawala nchi kabla ya serikali ya Kaisari kuichukua.

Waingereza hawakusema kwamba wananyang'anya. Walimweka ofisa aliyeitwa Mlinzi wa Mali ya Adui, naye akaandika daftari: shamba hili la fulani, mashine kadha, madeni kadha. Neno hilo 'mlinzi' linastahili kutazamwa mara mbili, kwani mlinzi huyo ndiye aliyekuja kuwa dalali. Lakini wakati wa vita aliilinda kweli mali hiyo, maana sheria ya Hague ilikuwa bado imesimama mlangoni.

Aliyeufungua mlango ni Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919. Kifungu cha 119 kiliivua Ujerumani makoloni yake yote. Kifungu cha 297 kikawapa washindi haki ya kuzuia na kufilisi mali ya raia wa Kijerumani iliyomo katika himaya zao, na kifungu cha 121 kikaieneza haki hiyo hadi katika makoloni yaliyotwaliwa. Fedha za mnada ziliingizwa katika hesabu ya madai ya washindi, na Ujerumani ikalazimishwa kuwafidia raia wake yenyewe. Kwa maneno mengine, mlowezi wa Lushoto aliambiwa kwamba shamba lake limeuzwa kihalali, na bei yake akaidai Berlin. Na ilipofika mwaka 1923 fedha ya Berlin haikuwa na thamani ya karatasi iliyochapiwa.

Najua msomaji mmoja atainuka hapa na kuniuliza: je, unamlilia mlowezi wa Kijerumani, mrithi wa wale waliowaua watu wa Maji Maji kwa njaa? La, simlilii. Ninachouliza ni nani alikuwa na haki ya kuuza.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha historia, mvulana mmoja aliyekaa dirishani aliinua mkono nikiwa katikati ya vifungu vya Versailles. Akauliza: 'Mwalimu, kabla ya Mjerumani shamba lilikuwa la nani?' Nilimwambia swali lake halimo katika silabasi, nikaendelea. Naona haya nikilikumbuka jibu hilo. Ukweli ni kwamba utwaaji wa kwanza haukuwa wa mwaka 1916. Ulikuwa wa Novemba 1895, Kaisari alipotoa amri kwamba ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe ni ya dola, na ofisa wa Kijerumani ndiye aliyeamua nani ni mwenyewe na nani siye. Msambaa aliyeliacha konde lake lipumzike misimu kadhaa alirudi akakuta si lake tena. Mlinzi wa Mali ya Adui aliipokea hati ya Mjerumani kama ilivyo, akaihesabu kuwa safi, akaipeleka mnadani. Katika miaka ya 1920 mashamba hayo yalinunuliwa na Waingereza, Wagiriki na Wahindi. Waafrika walioweza kufika kwa dalali walikuwa wachache mno, kwani mtaji hawakuwa nao na benki haikuwakopesha.

La kuchekesha, kama laweza kumchekesha mtu, ni kwamba mwaka 1923, minada ikiendelea, serikali ile ile ilitunga Sheria ya Ardhi iliyotangaza kwamba ardhi ya Tanganyika itashikwa kwa manufaa ya wenyeji.

Sisi Wakenya tumo katika hesabu hii pia. Jeshi la Smuts halikwenda Tanga kwa miguu yake peke yake. Lilibebewa chakula na risasi na wapagazi, ambao jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa kuhara na malaria. Mishahara ya wengi wao haikudaiwa na mtu, kwa sababu jamaa zao hawakujulikana au hawakujua kwamba kuna haki ya kudai, na serikali ya London ikakataa kuitoa hata kwa ajili ya manufaa ya jumla ya watu wao. Mashine ya mkonge ya Mjerumani ilikuwa na ukurasa wake daftarini. Mpagazi wa Machakos au wa Kavirondo hakuwa nao.

Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925. Wakarudi, wakanunua, wakalima. Na mwaka 1939 vita vilipozuka tena, wakazuiliwa tena na mashamba yao yakarudi mikononi mwa Mlinzi. Safari hii hayakurejeshwa. Tume ya Jaji Wilson iliketi juu ya ardhi ya Arusha na Moshi, na ripoti yake ya mwaka 1947 ilikiri kwamba Wameru na Wachaga walikuwa wamebanwa mno. Ikapendekeza sehemu ya mashamba hayo wapewe Waafrika. Lakini ilipendekeza pia eneo moja lipangwe upya kwa ajili ya ufugaji wa Wazungu, na kwa ajili hiyo, Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki na nyumba zao zikateketezwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kueleza masaibu hayo. Alisikilizwa kwa heshima. Ardhi haikurudishwa wakati huo.

Kwa hiyo nikisoma leo habari za viwanda na nyumba za Waukraine zinazoandikwa kwa majina mapya katika miji iliyokaliwa, siwezi kukubaliana na wale wasemao kwamba mkataba wa amani utayanyoosha yote. Versailles ilikuwa mkataba wa amani. Kazi yake katika jambo hili ilikuwa kukihalalisha kile ambacho Hague ilikikataza, na aliyenunua mnadani akaondoka na hati halali isiyoulizwa chimbuko lake. Wala Ulaya haina budi kuhofia bure inaposita kuzigusa fedha za Urusi. Inaogopa mfano utakaomrudia aliyeuanzisha.

Kule Kameruni, Waingereza walipeleka mashamba ya Wajerumani ya mlima Kameruni mnadani mwaka 1922 kwa sharti kwamba Mjerumani asinunue. Wanunuzi hawakupatikana. Mwaka 1924 wakayanadi tena London, bila sharti, na karibu yote yakanunuliwa na Wajerumani wale wale. Vita vya pili vikaja, yakatwaliwa upya, na mwaka 1946 yakakabidhiwa shirika la umma. Wabakweri, ambao mashamba hayo yalikatwa katika ardhi yao, walipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa mwaka huo huo. Shirika hilo lilipotaka kuuzwa kwa watu binafsi, walikwenda mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika, mwaka 2002, miaka 80 baada ya mnada wa kwanza. Tume iliamua mwaka 2004 kwamba warudi kwanza katika mahakama za nyumbani.