Njia za Mlima Elgon zisiishie mpakani

Mfanyabiashara wa vitunguu anayevuka Suam au Lwakhakha na mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani ana utaratibu wake. Anajaza hati rahisi ya uasili wa bidhaa, anapita bila ushuru wa forodha, basi. Utaratibu huo una kasoro, na wasomaji wetu wanazijua kuliko sisi, lakini upo. Mgeni anayetaka kuupanda Mlima Elgon kutoka Uganda na kushukia Kenya hana hata huo.

Tazama njia ya Sasa. Inaanzia Budadiri, Sironko, inakata mashamba ya kahawa na kuingia msitu wa mianzi, kule yanakotoka malewa ambayo Wagisu na Wabukusu wote huyala. Halafu miti inakwisha na baridi inaanza, hadi Wagagai, mita 4,321. Kutoka hapo mpandaji anaweza kushuka ndani ya kasoko kuu ya volkeno, afike kwenye chemchemi za maji moto za Suam, na ng'ambo ni Kenya: kilele cha Koitobos, lango la Chorlim, Endebess, kisha Kitale. Ni mlima mmoja, na Wasebei na Wasabaot wanaouzunguka ni ndugu.

Lakini kuvuka huko juu lazima kupangwe mapema na mamlaka mbili za hifadhi, kila moja na askari wake na kiingilio chake, na huko juu hakuna afisa wa uhamiaji wa kugonga mhuri. Kwa hiyo mgeni hufika kileleni, akapiga picha, akageuka. Akishageuka hanunui kitu Endebess wala halali Kitale. Na yule aliyepandia Chorlim hatamlipa mpagazi wa Budadiri, hatakula viazi vya Kapchorwa. Mwenye kuuza mitumba ajue pia kwamba wageni wengi hufika bila koti zito wala buti za maana.

Huko Ulaya, njia ya kuuzunguka Mont Blanc ina urefu wa kilomita 170 hivi na inapita Ufaransa, Italia na Uswisi. Mtembeaji anavuka mpaka kwenye vipito vya juu kabisa bila foleni ya pasipoti. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini tangu 2008 imo katika mpango wa Schengen, na wenye vibanda vya kulala wageni wa nchi zote tatu wanagawana wateja walewale.

Sisi hatuanzi sifuri. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya utalii, dola 100 kwa siku 90. Mwenye nayo tayari ana haki ya kuwa pande zote mbili za Elgon. Kinachokosekana ni mhuri na mtu wa kumpokea.

Tunajua jibu la wakubwa: usalama, magendo. Hoja ya usalama tunaiheshimu, ndiyo maana hatuombi mtu apande bila askari wa hifadhi. Ya magendo haina uzito. Anayeficha kahawa au sukari hutumia njia za panya huku chini, usiku, kwa pikipiki. Hapandi mita 4,000 na gunia begani akisindikizwa na askari mwenye bunduki.

Tunachotaka hakihitaji mkutano wa marais. Pasipoti zigongwe mhuri Budadiri na Chorlim siku za safari. Kiingilio kiwe kimoja, fedha zigawanywe. Askari wa pande mbili wakabidhiane wageni kwenye chemchemi za Suam. Kiangazi cha mlimani huanza Desemba, na wageni wa msimu huo wanapanga safari zao miezi kadhaa kabla.