Kipigo Si Msalaba

Ijumaa moja ya Kwaresima jumuiya yetu ilisali Njia ya Msalaba nyumbani kwa mama ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kanga. Alipoinuka kupokea kapu la sadaka kanga ilisogea, nikaona alama za vidole juu ya kiwiko, zimeshageuka njano. Sote tulijua ni za nani. Katekista naye alijua, maana tulipomaliza kituo cha kumi na nne alimgeukia akamwambia: "Vumilia mama, huo ndio msalaba wako." Watu wakaitikia amina. Usiku ule sikupata usingizi kwa hasira.

Mwezi uliotangulia kijana wa jumuiya hiyo hiyo aliibiwa pikipiki. Hakuna aliyemwambia kwamba mwizi ni msalaba wake. Wanaume walizunguka mtaa mzima na tochi mpaka alfajiri. Pikipiki inatafutwa, mkono wa mwanamke unaombewa uvumilivu.

Msalaba haukuwa jina la kila taabu. Ilikuwa adhabu ya Warumi kwa watumwa na waasi. Mwaka 71 kabla ya Kristo, walipozima uasi wa Spartacus, walitundika watu wapatao 6,000 kando ya barabara iendayo Roma. Yesu aliuendea msalaba huo kwa hiari, saa yake ilipofika. Kabla ya hapo, watu wa Nazareti walipotaka kumtupa gengeni, alipenya katikati yao akaenda zake. Walipookota mawe hekaluni, alijificha. Mwana wa Mungu alijificha, na mama wa watoto watatu anaambiwa akae apigwe!

Kisha lipo lile kofi. Someni Yohana sura ya 18. Mtumishi wa kuhani mkuu alimpiga Yesu kofi, naye, mikono imefungwa, alimtaka ataje kosa lililostahili kofi lile. Hakumshukuru. Hakusema ni mapenzi ya Baba. Siku ileile aliyokuwa akienda kufa kwa ajili yetu, kofi aliliita kwa jina lake.

Ataibuka mtu kuniambia kwamba Yesu alinyamaza kama kondoo. Huyo amekariri mstari mmoja wa nabii, na kofi la Yohana hajawahi kulisoma.

Wengine huishika barua ya Papa Yohane Paulo II ya Februari 1984 kuhusu maana ya mateso kana kwamba ni kibali cha kupiga. Waifungue mpaka mwisho. Inaishia kwa Msamaria Mwema, na Msamaria hakumhubiria aliyepigwa na wanyang'anyi. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili. Mimi naamini mateso ya Kristo yanaokoa. Ndiyo maana yananiuma yakifanywa ngao ya mume mlevi.

Na jumuiya hii si kwamba haioni. Mchango wa ukuta wa parokia tunaufuatilia nyumba kwa nyumba, na anayedaiwa shilingi elfu mbili husomwa jina mbele ya watu. Alama za vidole mkononi mwa mwenzetu hazina daftari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilishamkataza mwenzi kumpiga mwenzake, nasi tunaosali kila wiki tungali tunaitikia amina.

Kituo cha tano ni cha Simoni wa Kirene, aliyekamatwa njiani akitoka shamba akabebeshwa msalaba wa Yesu. Tulikuwa tumepiga magoti mbele yake nusu saa tu kabla ya katekista kusema aliyosema.

Jumatatu asubuhi tulikwenda na mama yule Dawati la Jinsia kituo cha polisi, tukachukua fomu ya PF3, halafu hospitali. Mwenyekiti wa wanawake alibeba begi la nguo. Mimi nilimbeba mtoto mdogo, aliyelala begani mwangu njia nzima.